Istilahi za Samaki Wapandao Mito: Uhakiki wa Rasimu Iliyosomwa Mgololo

Mara nyingi wasomaji wetu hutuletea orodha za istilahi na kutuomba tuzihakiki. Safari hii hatutahakiki orodha, bali rasimu nzima ya tafsiri. Ni kijitabu cha kurasa chache kilichokusudiwa wanafunzi wa sekondari, nacho chaeleza maisha ya samaki aitwaye stajeni na jitihada za kumwokoa asitoweke duniani. Rasimu hiyo tuliisoma pamoja na walimu watatu huko Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mahali panapofahamika zaidi kwa kiwanda chake cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1980. Mfasiri hatumtaji, wala aliyempa kazi. Makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Ni yetu sote tunaoshughulika na lugha ya sayansi, na kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyajadili hadharani.

Kwanza hatuna budi kumsifu mfasiri. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi zake hazimchoshi msomaji, na pale alipokutana na maneno yaliyokwisha kusanifiwa, kama vile *gegedu* na *maskani*, aliyatumia bila ya kubuni mengine. Upungufu wa kazi yake haumo katika sarufi. Umo katika maneno sita au saba ambayo ndiyo yanayobeba hoja ya kijitabu. Maneno hayo yakiyumba, mwanafunzi atamaliza kusoma akiwa amefahamu kila sentensi, ilhali hoja yenyewe imempita.

Kwa nini stajeni?

Mmoja wa walimu alituuliza swali la haki kabisa: mtoto wa Mufindi ana haja gani na samaki ambaye hayumo katika mto wowote wa Tanzania, wala wa Afrika yetu ya Mashariki? Ni kweli kwamba stajeni kwa asili huishi kaskazini mwa dunia tu: katika Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, katika mito ya Urusi na China, na huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Aliye karibu nasi ni yule anayefugwa Madagaska, huko Mantasoa, kwa ajili ya kaviari, yaani mayai ya stajeni yaliyotiwa chumvi.

Jibu letu lilikuwa hili. Yaliyompata stajeni yamewapata pia samaki wetu. Katika Ziwa Viktoria yupo ningu, ambaye msimu wa mvua alikuwa akitoka ziwani kwa makundi makubwa na kupanda mito kama Kagera na Nzoia ili kutaga. Wavuvi walipotandaza nyavu za makila kwenye midomo ya mito, ningu waliokuwa wamejaa mayai walikamatwa kabla ya kufika walikokusudia. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umekwisha kuanguka, na hadi leo haujarudia hali yake ya zamani. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Kyela na Ludewa, yupo mbasa, ambaye ndugu zetu wa Malawi humwita mpasa. Huyu naye hutoka ziwani, hupanda mito na kutaga penye changarawe, naye huviziwa na mitego na nyavu njiani. Basi msomaji anayefahamu habari za ningu na mbasa hahitaji kufundishwa upya habari za stajeni. Anachohitaji ni kuelezwa kwa maneno yale yale ayatumiayo anapowazungumza samaki wake. Rasimu tuliyoisoma haikufanya hivyo.

Ipo sababu nyingine, nayo inawahusu hasa watumishi wa serikali. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetamkwa kisheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, miongoni mwake Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zinahitaji kusomeka kwa Kiswahili. Neno linalokosewa katika kijitabu cha shule humpotosha mwanafunzi mmoja mmoja. Neno hilo hilo likiingia katika kanuni humpotosha mvuvi, bwana samaki na hakimu kwa pamoja.

Jina la samaki

Rasimu inampa samaki huyu majina matatu katika kurasa tofauti: *samaki-kaviari*, *papa wa mtoni*, na *aina ya samaki mkubwa wa Ulaya*. Hilo la tatu si jina hata kidogo. Ni ile desturi ya kamusi zetu ya kuandika "aina ya samaki" na kuishia hapo, ambayo tumekwisha kuilalamikia mara nyingi.

*Papa wa mtoni* lina dalili ya kufikiriwa. Mifupa ya stajeni kwa sehemu kubwa ni gegedu, kama ya papa, na ncha ya juu ya mkia wake ni ndefu kuliko ya chini, kama ya papa. Lakini kufanana huko ni kwa sura tu. Stajeni si wa ukoo wa papa. Ana safu tano za vibamba vya mfupa mwilini, ana ndevu nne mbele ya kinywa zinazotukumbusha kambale, kinywa chake kiko upande wa chini, na akiwa mkubwa hana meno. Hunyonya wadudu, kome na samaki wadogo kutoka chini ya maji. Msomaji wa pwani akiambiwa *papa* atafikiria mnyama mwenye meno, naye atakuwa amepotezwa tangu neno la kwanza.

*Samaki-kaviari* ndilo tunalolipinga zaidi. Linamtaja kiumbe kwa kitu kile kinachomfanya awindwe. Ni sawa na kumwita tembo *mnyama-pembe*. Jina la namna hiyo laweza kufaa katika hati za forodha, ambako bidhaa ndiyo inayotajwa, lakini katika kitabu cha elimu ya viumbe linamfundisha mtoto kwamba samaki huyu yupo kwa ajili ya mayai yake.

Twapendekeza *stajeni*, kwa kufuata njia iliyotupatia *stesheni* na *stempu*. Neno hili lichukuliwe katika ngeli ya viumbe: stajeni huyu, stajeni hawa. Kutohoa si kushindwa. Kiumbe asiyekuwapo kwetu huja na jina lake, kama alivyokuja pengwini.

Kuzaa, kutaga na mazalia

Katika ukurasa wa pili twasoma kwamba stajeni "huzaa watoto mtoni". Katika mazungumzo ya kawaida husemwa kwamba samaki huzaa, wala hakuna anayekosea. Lakini kitabu cha elimu ya viumbe chapaswa kutenganisha. Stajeni hutaga, jike hutoa mayai kwa malaki, na dume huyarutubisha majini. Tofauti hii ina uzito hasa kwa wasomaji wa nyanda hizi za juu, kwa kuwa katika milima ya Udzungwa, si mbali sana na Mgololo, palipatikana chura wa Kihansi, ambaye hatagi mayai bali huzaa vyura wadogo waliokamilika. Tukitumia *kuzaa* kwa wote wawili, tutamweleza vipi mwanafunzi ajabu ya chura yule?

Walimu waliuliza kama basi tuliache neno *mazalia*, kwa kuwa limetokana na *zaa*. La, tusiliache. *Mazalia ya samaki* limekwisha kuenea katika matangazo ya idara za uvuvi na katika vinywa vya wavuvi wenyewe, na wote hulifahamu kuwa ni mahali samaki wanapotaga. Istilahi iliyokwisha kupata wenyewe haifai kubomolewa kwa sababu ya mantiki ya asili yake tu. Kitenzi na kiwe *kutaga*, na mahali pabaki kuwa *mazalia*.

Kuhama au kupanda mto

Rasimu yasema stajeni ni "samaki mhamaji" na kwamba "huhamia mtoni". Katika Kiswahili, anayehama huacha maskani yake akaenda kukaa kwingine. Stajeni hafanyi hivyo. Hutoka baharini, hupanda mto, hutaga, kisha hurudi baharini. Na baada ya miaka kadhaa hurudia safari ile ile. Kati ya kutaga mara moja na mara nyingine hupita miaka miwili, mitatu au zaidi. Mwanafunzi aliyesoma kwamba samaki "amehamia mtoni" hataona ubaya wa bwawa linalozuia njia, maana aliyekwisha kuhama hana haja ya njia.

Ubaya huo ndio kiini cha kijitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mto Volga ulipozibwa kwa bwawa la Volgograd, stajeni aitwaye beluga alikatiwa sehemu kubwa ya mazalia yake. Mwaka 1981 mto Yangtze ulipozibwa huko Gezhouba, stajeni wa China walipatwa na jambo lilo hilo. Samaki hawakuuawa na kuta hizo. Walifika ukutani wakakwama.

Wavuvi wetu wana usemi uliokamilika kwa jambo hili: *samaki anapanda mto*. Tunapendekeza usemi huo uwe msingi wa istilahi: *mpandamto*, na kwa wingi *wapandamto*. Ikihitajika kubainisha, tutasema *wapandamto wa bahari* kwa kundi la stajeni, na *wapandamto wa ziwa* kwa kundi la ningu na mbasa. Kwa njia hii samaki wa mbali na samaki wa nyumbani watakaa katika fungu moja, na mwalimu atapata mfano bila ya kuutafuta.

Jambo la kuta latupeleka kwenye istilahi nyingine. Rasimu yasema kwamba kwenye mabwawa hujengwa "ngazi za samaki". Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, na ina madhara. Ngazi hukwewa. Miundo mingi ya aina hiyo ilikusudiwa samaki wanaoruka, na stajeni, ambaye ni mzito na huogelea karibu na sakafu ya mto, mara nyingi haiwezi. Afisa anayesoma *ngazi* atadhani kwamba ikijengwa moja basi kila samaki amepata njia. Twaona bora *kipitio cha samaki*, neno linaloacha wazi swali la msingi: ni samaki gani anayeweza kupita?

Kuvua na kuvuna

Katika rasimu hii herufi moja imeleta matatizo makubwa. Kila panapozungumzwa uvuvi wa stajeni wa asili, mfasiri ameandika *uvunaji*. Bila shaka amelipata neno hili katika lugha ya maofisi, ambako siku hizi huvunwa kila kitu: miti, wanyamapori, na hata maji ya mvua.

Kwa watu wa Mgololo *uvunaji* si neno geni. Misindano ya Shamba la Miti la Sao Hill hupandwa, hupogolewa, hupunguzwa, huvunwa, na mahali pake hupandwa mingine. Katika maisha yao neno hili limefungamana na kupanda. Basi mwalimu mmoja alipoisoma sentensi "stajeni wa Bahari ya Kaspi walivunwa kupita kiasi", aliuliza mara moja: je, waliopewa kazi ya kupanda tena walizembea? Swali lake latosha kuonyesha kasoro ya neno. Hakuna aliyepanda. Walivuliwa.

Tena hapa mfano wa miti ungalimsaidia mfasiri, lau angaliutumia kwa kuonyesha tofauti. Beluga jike huweza kuchukua miaka 15 na zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Msindano uliopandwa mwaka alioanguliwa huenda ukavunwa na pahala pake pakapandwa mwingine kabla samaki huyo hajatoa yai hata moja. Anayemkata mapema hakati mti mmoja, anakata mti na mbegu zake zote. Kila msomaji wa Mufindi angalifahamu hilo bila ya jedwali.

Rai yetu ni kwamba *uvuvi* utumike kwa samaki wa asili, na *uvunaji* uachiwe samaki wanaofugwa. Tofauti hii si ya urembo. Mkutano wa mwaka 1997 huko Harare, wa nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliamua kwamba stajeni wa kila aina wawekwe chini ya mkataba huo, na uamuzi ukaanza kutumika mwaka 1998. Chini ya mkataba huo kopo la kaviari hutakiwa kuonyesha kama mayai yametoka kwa samaki wa asili au wa kufugwa. Ofisa wa forodha asiyekuwa na maneno mawili atasajili vitu viwili kwa jina moja.

Kuhifadhi

Jalada la rasimu limeandikwa *Uhifadhi wa Samaki*. Walimu wote watatu, kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza, walidhani kijitabu kinafundisha kukausha samaki, kuwatia chumvi na kuwabanika ili wasioze. Wala hawakukosea, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya *kuhifadhi samaki* sokoni na jikoni. Neno *uhifadhi* limetulia vizuri tunaposema uhifadhi wa misitu au wa mazingira, lakini likiwekwa karibu na kitu kinacholiwa hurudi katika maana yake ya ghalani.

Hatupendekezi neno jipya. Twapendekeza liongezwe neno moja tu: *uhifadhi wa kizazi cha samaki*. Kanuni ikiandikwa hivyo, hapana mchuuzi wa samaki wabichi atakayeweza kujitetea kwamba amewahifadhi vizuri katika barafu.

Kutoweka porini

Mwisho ni usemi *kutoweka porini*, ambao rasimu imeutumia mara nne. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maliasili ulitangaza kwamba aina zote 26 zilizosalia za stajeni na jamaa zao zimo katika hatari ya kutoweka. Ulitangaza pia kwamba jamaa yao mmoja wa mto Yangtze, mwenye pua ndefu, ametoweka kabisa, na kwamba stajeni wa Yangtze hayupo tena katika mto wake, bali amebaki kwa wafugaji. Mfasiri amesema wote wawili "wametoweka porini".

Makosa hapa ni mawili. La kwanza, mto si pori. Mwanafunzi mmoja mwenye akili atauliza samaki alifuata nini porini. La pili, na ndilo zito, hali hizi mbili hazifanani. Aliyetoweka kabisa hana wa kumrithi. Aliyetoweka katika maskani yake aweza kurudishwa, iwapo maskani yenyewe yatatengenezwa. Na mfano wa hali hii ya pili tunao wenyewe. Maji ya maporomoko ya Kihansi yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme mnamo mwaka 2000, chura wa Kihansi alipungukiwa na manyunyu yaliyomhifadhi. Baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani wakalelewa huko. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena bondeni kwake. Mwaka 2010 wa kwanza walirudishwa nchini, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha Kihansi. Kama Kiswahili chetu kingekuwa na neno moja tu la *kutoweka*, habari hiyo isingeweza kusimuliwa: aliyetoweka angewezaje kurudi?

Kwa hiyo twapendekeza *kutoweka kabisa* kwa hali ya kwanza, na *kutoweka katika maskani ya asili* kwa hali ya pili. Usemi huu wa pili ni mrefu, twakubali. Lakini urefu unaoeleza ni bora kuliko ufupi unaopoteza.

Hitimisho

Tulipomaliza kusoma, mwalimu aliyeuliza swali la kwanza aliichukua rasimu akaandika pembezoni, penye habari za bwawa la Volgograd, neno moja: *mbasa*. Alisema ndivyo atakavyoanza somo. Nasi twaamini kwamba ndivyo mfasiri alivyopaswa kuanza kazi yake. Kabla ya kumtafutia jina samaki wa mbali, angeuliza watu wa Kyela, wa Ludewa na wa Kagera wanasemaje samaki wao apandapo mto, wanapaitaje mahali atagapo, na wanasemaje asipoonekana tena. Maneno mengi aliyoyahitaji yangekuwa mkononi mwake.

Rasimu hii inafaa kuchapishwa baada ya kusahihishwa, na tumemwandikia mfasiri hivyo. Istilahi tulizozitaja hapa, yaani *stajeni*, *mpandamto*, *kipitio cha samaki*, *uhifadhi wa kizazi* na *kutoweka katika maskani ya asili*, ni mapendekezo tu. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na maofisa wa uvuvi wa mikoa ya Mbeya, Njombe, Kagera na Mara, watuandikie kama maneno haya yanakubaliana na yale wayasikiayo ufukoni. Yakipatikana yaliyo bora kutoka kwa wavuvi, tutayafuta yetu bila ya kusita.